Miche ya trei au ya mizizi mitupu?

Dada wa Kasarani, umeuliza kama ununue miche ya stroberi ya trei, iliyokuzwa kwenye vishimo vya trei na kuuzwa na udongo wake, au ile ya bei nafuu iliyong'olewa shambani. Kwa magunia yako ya barazani, chukua ya trei. Mizizi yake haisumbuliwi sana, hivyo hushika haraka na mara nyingi huzaa mapema. Ile ya mizizi mitupu hupoteza vijizizi vyembamba iking'olewa. Ukiimwagilia kila siku hupona, lakini si kwa jua la Januari! Vipande vya mashina makuukuu vikatae, huweza kukuletea virusi na minyoo ya mizizi. Mbegu za tunda la dukani nazo sahau, miche yake haifanani na mmea mama. Unapopanda, moyo wa mche, pale majani yanapochipukia, uwe usawa wa udongo, ukifukiwa huoza.