Kabla hujashika kasia: kwa wanaoanza msimu wa kupika sake, pombe ya mchele ya Kijapani

Wadogo zangu, juzi usiku mmoja wenu aliandika joto la koji, ule wali unaooteshwa ukungu, kwenye daftari akiwa bado amevaa koti la theluji. Mlango wa chumba cha koji hajaufungua. Nilinyamaza kwa sababu toji, fundi mkuu wetu, alikuwa karibu, lakini kunyamaza huko kumenikaba, basi leo naandika. Mengi ya haya mmeshaambiwa. Mnaitikia "hai!", yaani ndiyo, kwa sauti kubwa, kisha mnarudia yale yale.

1. Acheni kukimbilia tangi. Kila mgeni anataka kushika kasia, akoroge moromi, yaani rojo la sake linalochachuka, apigwe na ile harufu ya matunda. Tangu UNESCO ilipouingiza ufundi huu kwenye orodha yake Desemba 2024, naona hamu hiyo imezidi. Wazee wana mpangilio wao: koji kwanza, shubo (kianzio cha hamira) ya pili, moromi ya tatu. Mchele unapofika kwenye tangi, makubwa yameshaamuliwa. Aliyekulia Kilimanjaro ataelewa upesi, maana mbege haisimami bila kimea cha ulezi. Koji ndiyo kimea chetu. Mchele uliokobolewa hauwezi kuota, kwa hiyo ukungu huu ndio unaogeuza wanga kuwa sukari ili hamira ipate chakula. Kazi hizo mbili zinakwenda pamoja ndani ya tangi moja, na ndiyo maana sake hufikia karibu asilimia 20 ya kileo bila kukenekwa.

2. Kuloweka. Saa ya sekunde ipo, itazameni, lakini tazameni na punje. Yamada Nishiki, mchele wetu wa sake, ukikobolewa ukabaki asilimia 50 ya punje, hunywa maji kwa pupa. Ukizubaa kidogo tu unapata wali unaonata, na ukungu haupenyi vizuri kwenye wali unaonata. Maji ya leo si ya baridi kama ya jana, na gunia hili si kavu kama lile. Toji akisema toa, toa. Hadithi yako utaimalizia baadaye.

3. Natto, yale maharage ya soya yaliyochachushwa, hailiwi. Hata siku ya mapumziko, hata kama mama mwenye nyumba amekuandalia kwa moyo safi. Bakteria wake hujifungia kwenye mbegu zinazostahimili maji yanayochemka, na wakiingia chumba cha koji hugeuza kazi yote kuwa utelezi. Msimu ukiisha, kuleni mpaka mchoke.

4. Sasa hili la daftari.

Nilipokuwa mgeni kama ninyi nilipewa zamu ya usiku kuangalia koji ya shubo. Wali ulishaingia chumbani, mbegu za ukungu zikanyunyizwa, ukafunikwa, ukavunjwavunjwa, na asubuhi ya pili ukagawanywa kwenye trei za mbao. Mnajua kinachofuata. Kufikia usiku koji inajipasha yenyewe, na trei za juu hupata joto kuliko za chini, kwa hiyo kila baada ya saa chache unazipanga upya: za juu ziende chini, za chini zije juu. Kazi yenyewe si ndefu. Ubaya wake ni kuamka, kuingia kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi, kisha kutoka umelowa jasho na nje theluji inaanguka.

Saa nane usiku niliamka, nikaingia, nikachomeka kipimajoto kwenye trei moja ya chini, iliyokuwa karibu na mkono. Ikasoma 39. Nikaandika 39. Kisha nikaandika 39, 40, 40 kwa trei ambazo sikuzigusa, nikatia alama kwamba nimezipanga upya, nikarudi kulala. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa nimechoka kuliko wenzangu. Niliona namba moja nzuri, nikataka na nyingine ziwe hivyo hivyo.

Alfajiri toji alinitangulia. Koji iliyoiva vizuri hunukia chestinati za kuchoma. Usiku ule chumba kilikuwa na harufu kali ya joto kavu. Trei za juu zilikuwa zimepita 45. Punje zimekauka, zimeanza kubadilika rangi, nyuzi za ukungu zimebaki juu juu bila kuzama. Akachukua punje moja, akaitafuna polepole. Akafungua daftari, akasoma mstari wangu, akauliza: trei ya nne ilikuwa na joto kiasi gani? Nikajibu 40. Nilimdanganya mara ya pili, ana kwa ana, na trei yenyewe ameishika mkononi.

Koji ile haikuingia kwenye shubo. Kiwanda kidogo hakina koji ya akiba. Shubo ikasogezwa, na kwa kuwa kila tangi lina siku zake za kuongezewa wali, koji na maji mara tatu, na siku ya kupumzisha baada ya ile ya kwanza, ratiba nzima ikasogea. Watu wa Nanbu, huku Iwate, kwa vizazi walilima kiangazi, na baridi ikiingia wakaacha nyumba zao kwenda kupika sake. Kukaa mbali na familia wamekuzoea, lakini siku ya ruhusa wanaijua thamani yake. Mzee wetu wa mvuke, anayepika wali, alikuwa aende kwao Tono kumwona mjukuu aliyezaliwa. Hakwenda. Wala hakunisema.

Jioni nilipiga magoti nikamweleza toji ukweli. Akasema: "Trei ikipanda joto naweza kuishusha. Daftari lako liliniambia nilale." Mpaka msimu unaisha aliamka saa nane kila nilipokuwa zamu, na umri wake ule, akasimama mlangoni mpaka nimalize. Trei hakuzigusa hata mara moja.

Basi pimeni trei zote. Andikeni mlichokiona. Namba ikiwa mbaya, mwamsheni. Atakuja amekunja uso. Hiyo haiui mtu.

5. Hii inaua. Usiinamishe kichwa ndani ya tangi la moromi kuokota kitu, hata ikiwa simu yako. Hewa ya ukaa haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, nayo hulala juu ya moromi. Mtu huanguka bila kupiga ukelele, na anayeruka kumwokoa huanguka juu yake. Mwenzako akianguka, ita watu, ita waokoaji, usiingie.

6. Vitambaa vifuliwe kwa maji ya moto, bila sabuni yenye manukato, vikaushwe siku hiyo hiyo. Mnaoviacha vibichi vimekunjwa usiku kucha, nawajua kwa majina. Harufu ya kitambaa huhamia kwenye sake.

7. Kila asubuhi mzee wa mvuke huchukua wali wa moto, akaukandamiza kwenye ubao kwa kiganja mpaka uwe bapa, akauinua kwenye mwanga. Mnapokea kile kipande, mnakitia mdomoni na kuondoka. Muulizeni anatazama nini. Anatafuta viini vyeupe, dalili kwamba mvuke haujafika ndani ya punje, na atawaonyesha kimoja kimoja kwa sababu anapenda sana kuulizwa. Mkishaviona ninyi wenyewe, ndipo mle.