Kabla hujakimbilia QAM kubwa, chukua karatasi

Wadogo zangu mnaoanza risachi ya OFDM (kugawa data kwenye mawimbi madogo mengi, yaani sabukeria, yanayotumwa kwa pamoja), iwe ya redio au ya mwanga, nawaomba msianzie kwenye QAM kubwa, yaani kubebesha biti nyingi kila simboli ya kila sabukeria. Mimi nilianzia huko, nikamaliza miezi kwenye simulesheni nikihama kutoka 64-QAM kwenda 256-QAM, na kweli biti zinapanda toka 6 mpaka 8 kwa simboli, ila unadaiwa kama desibeli 6 zaidi, yaani pawa mara 4, na mtu aliye mbali na mnara hiyo pawa hana.

Piga hesabu ya kinachopotea kwanza. LTE (4G) ya 20 MHz ina sabukeria 1,200 za 15 kHz, jumla 18 MHz, kwa hiyo 2 MHz zimekaa tupu pembeni. Milisekunde 1 inaingiza simboli 14, zidisha 1,200 zidisha biti 6 unapata 100.8 Mbps, gawa kwa 20 MHz inabaki biti 5.04 kwa sekunde kwa kila Hz, sio 6, na hapo pailoti (simboli za kupimia chaneli) na kodi za kurekebisha makosa bado hujazitoa! 5G kwenye 20 MHz hizohizo inatumia mpaka MHz 19.08, bila kugusa QAM kabisa.

Saikliki prefiksi, kile kipande cha mwisho wa simboli kinachonakiliwa mbele yake, nayo usiikate ovyo. Zile mikrosekunde 4.7 za LTE zinameza mwangwi uliozunguka njia ndefu kwa karibu kilomita 1.4 zaidi, sasa ukiifupisha kuliko mwangwi wa chaneli yako simboli zinagongana na ulichookoa kinaondoka kama makosa, kwa hiyo pima chaneli ndio ukate.

Kwenye mwanga ndo hasara inauma. LED haitoi mwanga hasi, signo lazima iwe halisi na chanya, basi nusu ya sabukeria zinageuka kivuli cha zile nyingine: IFFT (hesabu inayojenga signo kutoka kwenye sabukeria) ya 256 inakuachia 127 za data kwenye DCO-OFDM, inayoinua signo kwa bayasi (kiwango cha kudumu) ili iwe chanya, na ACO-OFDM, inayojaza sabukeria za namba witiri peke yake na kukata sehemu hasi, inakuachia 64. ACO inaokoa pawa maana haidai bayasi kubwa, ndiyo maana watu wanaisifia, ila ukizilinganisha zote zikiwa 16-QAM umeidhulumu DCO, kwa sababu inabeba data karibu mara 2. Weka ACO ya 16-QAM na DCO ya 4-QAM, biti 256 kwa 254, halafu ndio uangalie nani anakula pawa kidogo.