Muulize Fundi: Oili ya pikipiki nibadilishe kila baada ya muda gani?

SWALI: Salaam aleikum fundi. Mimi napiga boda hapa Malindi, pikipiki ni ya cc 125 na si yangu ni ya tajiri. Shida yetu ni oili. Tajiri amesoma kile kitabu kilichokuja na pikipiki, anasema imeandikwa kilomita 5000 na kabla ya hapo hatoi hata shilingi. Fundi wa pale stejini yeye anasema kila wiki mwaga. Wenzangu wengine wanangoja mpaka iwe nyeusi tii ndo wanashtuka. Kwa siku natembea kama kilomita 120 hivi, mara hapa mjini, mara Ganda, mara Kakuyuni, na nikipata mtu wa Marafa siachi. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja injini ilimshika njiani akaisukuma mpaka mjini, tangu siku hiyo nina wasiwasi manake hesabu ya tajiri haingoji injini ipone. Sasa nani yuko sawa? (Dereva wa boda, Malindi)

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwa kazi unayofanya wewe mimi nakwambia kilomita 2000, usipitishe sana. Kwa mwendo wako wa 120 kwa siku, ukifanya siku sita kwa wiki hizo ni 720, kwa hivyo kila baada ya wiki tatu hivi umefika 2000 na kidogo juu. Basi shika wiki tatu. Hata kama spidomita yako imekufa, na najua nyingi pale steji zimekufa, wiki tatu utaweza kuhesabu.

Tajiri wako hajadanganya, kitabu kinaweza kuwa kimeandika hivyo kweli. Lakini mwambie afungue tena asome vizuri, manake vitabu vingi vya pikipiki vina maneno mengine pembeni ya ile hesabu, kwamba pikipiki ikitumika penye vumbi jingi, au mzigo mzito, au safari fupi fupi za kusimama na kuondoka, oili ibadilishwe mapema zaidi. Sasa niambie boda ya Malindi iko wapi kama haiko hapo. Vumbi liko, mzigo uko (abiria wawili na gunia la mahindi juu ya tangi, nimewaona), na kusimama na kuondoka ndo kazi yenyewe.

Kuna kitu nataka ukielewe vizuri halafu ukamweleze na tajiri kwa upole. Oili haijui kilomita. Oili inajua injini imezunguka mara ngapi na imepata joto kiasi gani. Chukua safari mbili. Ya kwanza unaenda Gede kwa lami, gia ya juu, unatembea 50 kwa saa, injini inanguruma kawaida. Ya pili unaingia mchanga kuelekea ndani huko, gia ya pili, unatembea 20 kwa saa na injini inanguruma vile vile au zaidi. Kwa saa moja ya lami umepata kilomita 50, kwa saa moja ya mchanga umepata 20, lakini injini imezunguka karibu sawa sawa, tena ile ya mchanga imepata joto zaidi kwa sababu hizi pikipiki zetu nyingi zinapozwa na upepo tu na kwa mwendo wa 20 upepo wenyewe hakuna. Ongeza na pale unapokaa stejini injini inawaka huku unangoja abiria amalize kuongea na simu, hapo kilomita ni sifuri na oili inachoka. Ndo maana mtu anayetoka Malindi kwenda Mombasa mara moja kwa wiki kwa lami tupu anaweza kusogea mbele kwenye hesabu ya kitabu na wewe huwezi.

Alafu kumbuka pikipiki si kama gari. Gari lina oili ya injini kivyake na ya giaboksi kivyake. Pikipiki yako oili ni moja tu, hiyo hiyo inalainisha pistoni, hiyo hiyo inaogesha gia, hiyo hiyo ndo klachi imelala ndani yake. Meno ya gia yanaisaga oili mpaka inapoteza uzito wake. Kama umeona siku za mwisho mwisho gia zinaanza kuwa ngumu kuingia, neutro inakukataa ukiwa umesimama, na ukimwaga oili mpya zinakuwa laini ghafla, hiyo ndo sababu.

Fundi wa stejini anayesema kila wiki simlaumu, anaogopa kuona injini zikifa, lakini kwa kilomita 720 oili nzuri bado ina nguvu, hapo ni kumwaga pesa chini. Isipokuwa pikipiki ikiwa mpya kutoka dukani. Mpya oili ya kwanza inatoka mapema, kati ya kilomita 500 na 1000 kwa pikipiki nyingi, manake vyuma vipya vinasuguana vikitafuta kukaa na vinaacha unga wa chuma ndani. Hiyo usiichelewe hata siku moja.

Na hawa wanaongoja iwe nyeusi? Rangi usiifanye kipimo. Oili nzuri ina dawa ya kuosha masizi ndani ya injini na kuyabeba, kwa hivyo inaweza kuwa nyeusi baada ya siku chache tu na bado inafanya kazi yake. Mimi ningeogopa zaidi pikipiki ya zamani ambayo oili inakaa safi wiki mbili. Kinachotakiwa kukushtua ni ikiwa nyepesi kama maji kwenye vidole, au inanuka petroli, au imekuwa kama chai ya maziwa. Ikiwa ya maziwa maji yameingia, labda ulivuka mahali palipofurika wakati wa masika, hapo usiwashe tena, mwaga, weka nyingine, tembea nayo kidogo na uimwage hiyo pia.

Sasa kuhusu mwenzako aliyeshikwa na injini njiani, hili ndo linaniuma zaidi kuliko lile la kilomita. Injini nyingi nilizofungua hapa mjini hazikufa kwa sababu oili ilichelewa wiki moja. Zilikufa kwa sababu oili ilikuwa imepungua na mtu hakujua. Pikipiki iliyotembea sana inakula oili polepole, ringi za pistoni zimelegea, inachoma kidogo kidogo na moshi wa bluu ukiwa mwepesi huwezi kuuona ukiwa umekaa juu. Inaingia oili lita moja, baada ya wiki tatu ukifungua nati inatoka nusu. Umeendesha siku nyingi na oili pungufu! Na oili ikipungua wa kwanza kuumia ni wa juu, kemshafti (ile shafti inayofungua vali) huko kichwani, kwa sababu oili lazima isukumwe na pampu kutoka chini mpaka imfikie. Nimefungua moja masika iliyopita, kemshafti imeliwa mpaka ina mfereji unaoweza kuweka kucha, na mwenyewe ananiambia oili alibadilisha juzi juzi tu. Alibadilisha kweli. Hakupima.

Kwa hivyo kila asubuhi kabla hujatoka pima. Isimamishe kwa stendi ya katikati mahali palipo sawa, si ile stendi ya pembeni. Kama ina kijiti, kitoe, kifute, kirudishe, kitoe tena uangalie, oili iwe kati ya alama mbili. (Zingine kijiti unakiweka tu bila kukaza unapopima, zingine unakaza, hapo ndo kitabu cha tajiri kina faida.) Kama ina kidirisha cha kioo angalia hapo. Ikikaribia alama ya chini ongeza ya aina ile ile. Na usijaze kupita alama ya juu ukidhani unaipenda, oili ikizidi inapigwa povu, inatafuta pa kutokea, na povu halilainishi chuma.

Siku ya kumwaga, washa injini dakika tatu nne ipate joto ndo uzime na ufungue nati ya chini, oili ya moto inatoka na uchafu wake. Iache idondoke dakika kumi, usiwe na haraka ya abiria. Chujio la waya litoe ulioshe kwa petroli, washa ya nati (kile kipete chake) ikiwa imebonyea weka nyingine, na ukikaza kaza kwa mkono wa adabu, ile bodi ni aluminiamu, thredi ikiliwa hapo una kazi nyingine kubwa. Na filta ya hewa usiisahau kwa vumbi la huko Marafa, ikiziba au ikitoboka mchanga unaingia ndani na hakuna oili itakayokuokoa.

Mpelekee tajiri hesabu hii: lita moja kila wiki tatu upande mmoja, upande wa pili pistoni, ringi, kuchonga silinda, kemshafti, pesa ya fundi na siku ambazo hesabu haiji kwa sababu pikipiki iko gereji. Akikataa kabisa, mwombe mgawane nusu kwa nusu. Najua si haki wewe kulipia mali ya mtu, lakini ikifa wewe ndo utakaa nyumbani.

SWALI: Fundi hujambo. Mimi ni mwalimu huku Mambrui, nina pikipiki ndogo ya kwendea shule na dukani tu, kwa mwezi sidhani nafikisha hata kilomita 150. Nikingoja kilomita 2000 si nitangoja mwaka mzima na zaidi? (Mwalimu, Mambrui)

JIBU: Sijambo mwalimu, na umeuliza vizuri kuliko wanaume wengi. Wewe usihesabu kilomita, hesabu miezi. Kila miezi sita badilisha hata kama imetembea 900 tu. Safari yako ni fupi, injini haipati joto la kutosha, na bila joto yale maji yanayotokana na kuungua kwa petroli hayakauki, yanabaki ndani na kuchanganyika na oili. Na hewa yetu ya bahari unyevu wake unaujua, mabati yenyewe hayaponi. Mara moja kwa wiki ichukue safari ya maana, njoo nayo mpaka Malindi mjini urudi, injini ipate moto sawa sawa.

SWALI: Mimi niko Mokowe. Duka la karibu lina oili ya gari tu, ni nzuri na ya jina kubwa, nikaweka kwa pikipiki. Sasa nikipandisha na mzigo injini inalia lakini pikipiki haisogei. Klachi imekwisha? (Msomaji, Mokowe)

JIBU: Labda haijaisha bado. Oili nyingi za kisasa za magari zimewekwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lisinywe petroli sana. Kwa gari ni jambo jema. Lakini klachi yako imezama ndani ya oili na inafanya kazi kwa msuguano huo huo, ukiuondoa sahani zinateleza. Mwaga mapema, weka ya pikipiki ya 4T (ya injini ya mipigo minne), kwenye kopo utafute maandishi JASO MA au MA2, hiyo ni alama ya Kijapani ya oili za pikipiki, hizo zimepimwa kwa klachi kama yako. Ukiona MB hiyo ni ya skuta zenye klachi kavu, iache. Unene fuata kitabu, pikipiki nyingi za kazi huku kwetu ni 20W-50, Honda nyingi zimeandikiwa 10W-30. Ikiendelea kuteleza baada ya kubadilisha mara mbili basi sahani zimeungua, zibadilishwe. Ukija Malindi nunua makopo mawili matatu uweke akiba, na angalia muhuri wa kifuniko haujaguswa, kuna watu wanachuja oili chafu wanairudisha kwa makopo ya jina. Kopo lako likiisha litoboe ndo ulitupe.

Na oili uliyomwaga usiimwage pale ufukweni kwenye mikoko, ndugu yangu. Ile mizizi inayochomoza kwenye matope ndo pua za mkoko, ikipakwa oili mti unakosa pumzi, na samaki wadogo na kaa wanakaa hapo hapo. Itie kwa dumu, ulifunge, ukija kununua mpya njoo nalo, gereji hazikosi mtu anayekusanya.