Kitabu changu kimetoka, sasa wewe unayeuliza uanzie wapi nisikilize

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, "kaka nimemaliza mswada wangu, naupeleka wapi?" Nimeisoma mara tatu maana huyo ni mimi kabisa miaka sita nyuma. Kwa hiyo leo nasema yote, na nyie wengine mliofungia riwaya zenu kwenye laptopu sogeeni.

Mimi nilimaliza usiku wa manane, kulipokucha tu nikatuma kwa wachapishaji saba kwa mpigo, barua pepe ileile moja, na mmoja wao hata hadithi hachapishi, ni vitabu vya shule tu. Watano kimya mpaka leo. Mhariri mmoja akanijibu mistari miwili, kwamba hadithi yangu inaanzia sura ya nne, huko nyuma kote najiandaa tu kusimulia. Niliumia jamani! Nikamwona ana roho mbaya.

Wa saba akanipigia simu kesho yake. Akanisifu weee, kitabu lazima kitoke, mkataba huu hapa, wewe changia tu gharama za uchapaji. Nikasaini bila kusoma, akiba yangu yote ikaenda. Maboksi yalipofika nikafungua moja, gundi haishiki, unafunua ukurasa unabaki na karatasi mkononi, na jina langu pale ubavuni limekosewa herufi. Hakuna duka lililovichukua. Nikalala na yale maboksi chumbani, na kumbe kwenye mkataba nilimpa haki zote kwa miaka 5. Mpaka leo nikiandika hapa roho inaniuma.

Sasa shika hili, mchapishaji wa kweli pesa anatoa yeye, wewe anakulipa mrabaha, yaani fungu lako la mauzo ya kitabu, mara nyingi asilimia 10 au chini yake. Akikuomba hela ujue mteja wake ni wewe, wasomaji hana habari nao. Kujichapishia mwenyewe ni sawa kabisa, ila basi mhariri umtafute mwenyewe, na ISBN, zile tarakimu 13 za kutambulisha kitabu, uombe kwa jina lako. Mkataba soma kila kifungu, angalia haki za tafsiri na filamu zinaenda kwa nani na lini zinarudi kwako.

Haki ziliporudi nikaifungua tena ile mistari miwili. Alikuwa sahihi. Nikafuta sura tatu nzima, kilichobaki nikakisoma kwa sauti, kila nilipojikwaa naandika upya, kisha nikamtumia mhariri yuleyule muhtasari na sura tatu za mwanzo kama walivyoelekeza. Miezi minane ya kusubiri siisimulii. Wakakubali.

Vijana tuna haraka mno, tunapost jalada wakati mswada hata mtu mmoja hajausoma, mtu akikuonyesha kosa umeshamwita adui, acheni hiyo tabia! Anayekusifu kabla hajasoma muogopeni.

Dada yangu, usitume leo. Uache wiki nne usiuguse, halafu uusome kwa sauti toka ukurasa wa kwanza, ukifika sura ya nne niandikie tena.