Laptopu haifiki ndani baada ya sasisho na umeme kukatika: angalia bakapu kabla ya kupiga window

Mkuu uliyeko Nkuhungu hapa Dodoma, umeuliza hivi: laptopu ya nyumbani ilikuwa inajisasisha, umeme ukakatika, betri yenyewe imeshachoka, na sasa inaishia skrini ya bluu na kujizima. Diski ya nje yenye bakapu (nakala ya akiba) unayo, na fundi wa mjini anataka apige window upya, yaani afute na kuweka Windows mpya. Mwambie asubiri kidogo. Window inapigwa chini ya saa moja, lakini mafaili yakishafutwa si rahisi kuyapata tena.

Anza na hiyo diski ya nje. Ichomeke kwenye kompyuta nyingine nzima uone ina nini. Ukikuta folda ya WindowsImageBackup, hiyo ni picha ya diski nzima: Windows, programu na mafaili kama vilivyokuwa siku ile. Ukikuta FileHistory, humo mna mafaili tu, Windows haimo. Hapa ndipo wengi wanapoumia, maana zote mbili wanaziita bakapu.

Ukiwa na picha ya diski usiikimbilie. Kuirudisha kunafuta kila kilichopo kwenye laptopu sasa, kwa hiyo kama ni ya Machi, kazi yote ya tangu Machi inaondoka. Kazi hiyo itoe kwanza. Washa, nembo ikitokea shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia mara 2 au 3, itakuletea menyu ya ukarabati yenyewe. Ingia Troubleshoot, Advanced options, kisha Command Prompt. Ikidai ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la kufunga diski) wenye tarakimu 48, utafute kwa simu ndani ya akaunti yako ya Microsoft. Laptopu nyingi zilizosajiliwa kwa akaunti hiyo zimefungwa bila mwenyewe kujua.

Kwenye skrini nyeusi andika notepad, bonyeza Enter. Nenda File, Open, pale chini badilisha aina ya faili iwe All Files. Hicho kidirisha cha kufungulia faili ndicho kitakachokubeba: bofya kulia folda yako, Copy, ingia kwenye flashi au diski ya nje, Paste. Usishtuke ukikuta C haina kitu, humo herufi za diski huhama. Tafuta yenye folda ya Users, inaweza kuwa D au E. Kidirisha kinaweza kuonekana kimeganda wakati kinanakili. Kiache.

Mafaili yakishatoka, jaribu dawa nyepesi kwanza: Advanced options, Uninstall Updates, ondoa sasisho la mwisho. Kwa tatizo kama lako hapo ndipo ningeweka matumaini. Ikigoma, jaribu System Restore. Haigusi nyaraka zako, inarudisha mipangilio na programu za mfumo nyuma. Wale wanaokushauri uanze na chkdsk /r (amri ya kukagua diski), kama diski inatoa mlio wa tiki-tiki usiwasikilize. Amri hiyo inapitia kila sehemu ya diski, na diski mgonjwa inaweza kukata roho katikati ya safari.

Vikishindikana vyote, rudi kwenye picha kupitia System Image Recovery. Ikisema haioni bakapu, mara nyingi folda ilibadilishwa jina au ilitumbukizwa ndani ya folda nyingine. Lazima ikae mwanzo kabisa wa diski ya nje, kwa jina lilelile WindowsImageBackup. Kosa jingine: umenunua SSD (diski ya kisasa yenye kasi) ndogo kuliko diski ya zamani. Itakataa, hata kama data iliyotumika ni kidogo. Vilevile kama bakapu ilifanywa kwenye mfumo wa UEFI (namna mpya ya kompyuta kujiwasha) na unawashia flashi ya Windows, flashi nayo iwashwe kwa UEFI.

Piga hesabu ya umeme. Kwa USB 2.0, GB 100 ni karibu saa nzima, na UPS (betri ya dharura) ndogo ya mezani inakupa dakika chache tu. Angalia LUKU ina uniti, betri ikiwa imekufa subiri muda ambao mtaani kwenu umeme haukatiki hovyo. Urejeshaji ukikatika katikati unakuacha na diski isiyo na mfumo.

Kama una FileHistory pekee, tumia Reset this PC na uchague Keep my files, au piga window kwa flashi ya GB 8 (itafutwa yote, na kupakua kunakula zaidi ya GB 4 za bando). Programu utaweka upya mwenyewe. Mafaili usiyanakili kwa mkono kutoka kwenye folda, kwa sababu kila toleo lina tarehe mwishoni mwa jina, utajikuta na mafaili kumi ya "Hesabu" yanayofanana. Ingia Control Panel, File History, Restore personal files. Ukilazimika kusoma majina, saa zake ni UTC (saa za kimataifa, ziko nyuma yetu kwa saa 3): 08 ni saa tano asubuhi hapa Dodoma.

Ikishawaka, usiunganishe intaneti mara moja. Ingia Windows Update kwanza usimamishe masasisho kwa wiki moja, la sivyo sasisho lilelile litashuka tena usiku huohuo, na betri bado ni ileile.