Ukimfuata mumeo dago, beba fungu lako

Mvuvi anayetoka Kojani, Pemba, kuja dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, Bagamoyo anakuja na chombo, nyavu na nahodha anayemjua. Akishuka tu, ana kazi. Mkewe akimfuata hajui mtu pwani, hana mtaji, na mgao haumhusu. Mgao ni wa mwenye chombo, mwenye nyavu na mabaharia. Mke anaambulia kitoweo.

Nimeishi hivyo miaka mingi. Dada unayejiandaa kusafiri, kabla hujapanda chombo kubaliana na mumeo, wazee wakisikia, fungu la mtaji wako, hata liwe la ndoo moja ya samaki wa kukaanga. Mali kauli inachosha: jioni mwenye samaki anataka pesa yake, wanunuliwe wasinunuliwe. Halafu vyombo vya dagaa, vinavyovua kwa taa, hupumzika mbalamwezi. Karai linakaa bila kazi na watoto wanataka kula. Akiba iwekwe wakati wa giza.

Afya ndiyo inayoniuma zaidi. Mjamzito akienda kliniki anapimwa wingi wa damu, malaria, kaswende na virusi vya UKIMWI. Mwanamume wa dago hana siku ya kliniki. Usiku yuko baharini, mchana amelala. Basi ugonjwa unaonekana kwanza kwa mke, na kwa kuwa umeonekana kwake, anaambiwa ndiye aliyeuleta. Nimemwona mwenzangu akirudishwa kwao kwa sababu hiyo, na mume hajapima hata mara moja. Ilikuwa dhuluma. Nendeni wote wawili tangu hudhurio la kwanza, mpimwe pamoja. Akisema hana nafasi, subiri mbalamwezi, yupo barazani.

Anayetumia ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, au dawa za kifua kikuu asihame kimyakimya. Amwambie mhudumu mapema, apewe dawa za safari na barua ya kuhamia kituo kingine. Dozi ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi 6, na dago linaweza kuvunjwa katikati yake. Kadi za watoto zifungwe kwenye nailoni zisilowe, maana chanjo inaendelea popote mtakapotia nanga.

Nanyi manahodha, nawaomba sana: baharia akitaka asubuhi moja ya kwenda kituo cha afya, mwachieni aende na mgao wake msiukate.