Kiporo hakikauki, minyororo yake inajipanga upya

Mkuu, umeuliza kwa nini kiporo cha wali hukakamaa kwenye friji hata kikifunikwa vizuri, halafu ukikipasha kinalainika. Waliosema maji yamekauka wamekosea. Mwaka 1852 mwanakemia Mfaransa Boussingault aliufungia mkate usipoteze maji, ukakakamaa vilevile. Alipoupasha moto, ukalainika.

Wali na mkate vimejaa wanga, na wanga ni minyororo ya glukosi (aina ya sukari) ya aina mbili: amilosi iliyonyooka, na amilopektini yenye matawi, ambayo ndiyo nyingi. Kwenye punje mbichi ya wanga minyororo hiyo imebanana kwa mpangilio. Maji yakifika nyuzi 60 hadi 70 na kitu, punje inavimba na minyororo inaachana. Si unajua uji unavyokuwa mwepesi mwepesi, mara ghafla mwiko unakuwa mzito? Hapo ndipo.

Ukipoa, minyororo inatafutana tena na kushikana kwa bondi za hidrojeni, yaani mivutano midogo kati ya mnyororo na mnyororo. Amilosi inamaliza kwa saa chache, amilopektini inachukua siku. Wali wa moto ukipigwa eksirei, picha inaonyesha mwanga uliotawanyika tu. Wa siku kadhaa unaonyesha pete, dalili ya fuwele, yaani sehemu ambazo minyororo imejipanga kwa safu.

Fuwele za amilopektini huyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi, ndiyo maana kupasha kunasaidia. Za amilosi zinataka zaidi ya 100, kwa hiyo kiporo hakirudi kabisa kuwa kama wali ulioepuliwa sasa hivi (mimi nakipenda hivyo hivyo, na chai).

Mkate usiuweke kwenye friji. Nyuzi 4 za humo zinaharakisha minyororo kujipanga. Friza ni sawa, kule minyororo haisogei.